Dungusi ya Uani kwa Mwanyumba

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya, imeishia vizuri. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, aliniita kwenye bucha lake nikaupake rangi upya ubao wa mlangoni. Bure, bila shaka. Undugu! Jina lake limekaa pale kwa herufi nyekundu za ukubwa wa paja la ng'ombe, na kivuli cheusi chini yake. Niliziandika mimi. Watu husimama kuzitazama. Hakuna aliyewahi kuuliza ni kazi ya nani.

Nikiwa juu ya ngazi, akapita mama mkwe na shoga yake. Akamwambia shoga, huyo aliye ndani na kisu ndiye mkwe wangu mwenye bucha. Shoga akauliza, na huyu aliye juu? Mama mkwe akasema, "Ah, huyo ni yule mwingine."

Nilisikia. Ngazi ilikuwa fupi.

Yule mwingine! Mimi ni mwandishi wa vibao wa bustani ya mimea ya umma. Kila mti, kila ua, kila jani lenye mwiba lina kibao, na kila kibao kimepita mkononi mwangu. Majina ya Kilatini, marefu kama treni. Mengi ni majina ya watu: wasafiri, madaktari, wake wa madaktari, waliofikiriwa na rafiki zao wakaachiwa mmea. Nimewaandika wote, kwa rangi isiyofutika na mvua. Jina langu mimi liko kwenye kitambulisho tu, na huko nako limechakaa. Kazini naitwa Brashi. Hata karani wa mishahara huniita Brashi. Inaniuma. Leo nasema wazi kwamba inaniuma.

Nilipomaliza nikaenda uani kuosha brashi. Hapo ndipo nilipoiona. Dungusi! Imesimama wima kama nguzo ya umeme, haina tawi hata moja, imeupita ukuta. Upande wake mmoja umefunikwa manyoya meupe, kutoka kiunoni hadi kichwani. Upande mmoja tu! Mwanyumba huitundikia aproni zake.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, mmea huu ni nini. Akasema aliukuta pale aliponunua nyumba na hajui, na je, nimemaliza kivuli cha herufi ya mwisho? Nilitaka kuuliza zaidi, lakini jirani wa nyuma ya ukuta, fundi magodoro, alikuwa anachapa pamba kwa fimbo. Vumbi jeupe, kelele, chafya. Nikaondoka na mafua na siri.

Kama haina jina, nalijua jina la kuipa.

Jumanne, 4 Machi

Wakati wa chakula cha mchana nimeingia chumba cha mimea mikavu, wakati Lenzi hayupo. Lenzi ndiye msaidizi wa chumba hicho. Huning'iniza kioo cha kukuzia shingoni kwa kamba ya kiatu, hata anapokula. Nimemwona kwa macho yangu akilikagua haragwe. Hatupatani. Mwaka juzi alinirudishia kibao akidai herufi zangu zina maua mengi kuliko mmea wenyewe.

Nimefungua kitabu cha dungusi. Kitabu hiki hakikuambii kitu. Kinakuhoji, kama wakili. Je, mbavu za shina, yaani matuta yake ya wima, ni saba au pungufu? Nenda ukurasa huu. Ni nane au zaidi? Nenda ule. Je, lina manyoya? Je, manyoya yako juu, au pembeni? Ukijibu vizuri unafikishwa kwenye jina. Ukijibu mambo ambayo hakuna mtu amewahi kuyajibu, unafikishwa ukutani, na hapo pana spishi mpya. Mimi nautaka huo ukuta.

Lenzi akarudi kabla sijafika popote. Nikajitia napima rafu. Kisha nikamzungusha. Nikamuuliza, kwa mfano tu, mtu akipata mmea mpya, si anauita kwa jina lake?

Alicheka mpaka kioo kikagonga vifungo vya shati. Akasema sheria haikatazi, lakini hakuna afanyaye hivyo. Ni fedheha. Ni sawa na bwana harusi kujipigia vigelegele. Jina la heshima hupewa na mwenzako. Na yule mwenzako anayeutangaza mmea, jina lake hufuata nyuma ya jina la mmea kila linapoandikwa, mpaka mwisho wa dunia.

Kwa hiyo nahitaji mwenzangu. Nimepitisha watu wote wa bustani kichwani. Anayejua kuandika Kilatini ni mmoja tu, naye anacheka kama mlango usiotiwa mafuta.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi bucha kwa kisingizio cha mkono wa pili wa rangi. Mwanyumba amefurahi sana. Anasema ningekuwa na bidii hii ujanani ningefika mbali.

Uani nimefanya kazi ya kitaalamu. Nimepima urefu kwa mpini wa ufagio. Nimezihesabu mbavu, nikizunguka na kujichoma: saba. Nimegusa manyoya. Laini! Kisha nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nikachora.

Hapa naomba nieleweke. Nilipochora shina kama linavyoonekana likikatwa katikati, mbavu saba zilitoka kama gurudumu lililogongwa. Upande umejaa, upande una pengo. Nilifuta mara nyingi. Saba ni namba isiyokaa. Nikaongeza ubavu mmoja. Papo hapo mchoro ukatulia, ukawa kama nyota. Fundi yeyote wa herufi angefanya vivyo hivyo. Ukiandika jina la mtu fupi unalitanua kidogo lijaze ubao, hakuna anayekushtaki.

Mchana nimerudi kwenye kitabu na mchoro wangu. Mbavu nane. Manyoya upande mmoja. Nimefuata kila swali kwa uaminifu. Nimefika ukutani! Hakuna jina! Baadaye nimeshindwa kunyoosha mstari kwenye kibao cha choo cha wageni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwendea Lenzi. Nilijikaza kisabuni, nikamwekea mchoro mezani bila salamu.

Akakipitisha kioo juu ya kila mwiba. Akaniuliza nimeipata wapi. Nikamwambia hilo ni langu. Akafungua kitabu, akafuata maswali kwa kidole, nikaona kidole kinafika ukutani na kusimama. Akavua kioo shingoni. Sijawahi kumwona shingo tupu.

Nikampa masharti. Yeye aandike, mimi niandikwe. Mmea uitwe kwa jina langu halisi, si Brashi, na yeye atambulike kuwa mtangazaji. Lenzi ana miaka chungu nzima akisubiri kuchapisha kitu kimoja tu, ili Bi Mkuu, mkuu wa bustani, amwache akae kwenye kile kiti cha ofisini kwake chenye magurudumu, cha waliokwisha chapisha. Alikubali haraka mno. Nikaanza kumshuku hapo hapo.

Akataka kwenda kuuona mmea. Nikakataa katakata. Akiujua ulipo ataniacha nje. Na mwanyumba akijua thamani yake, utaitwa kwa jina lake. Tumebishana. Mwisho amekubali kuandika kwa kutumia mchoro, ila lazima nimletee kipande kilichokaushwa na kubanwa kati ya karatasi, kwa ajili ya kumbukumbu. Bila kipande hakuna spishi.

Kabla sijatoka alisema, bila kuniangalia, kwamba mchoro ni mzuri. Nimeyatafakari maneno hayo njia nzima. Ana lake jambo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekipata kipande. Nilimwambia mwanyumba asimame ng'ambo ya barabara atazame ubao kwa mbali, atembee kushoto, atembee kulia, atafute kasoro. Anapenda kulitazama jina lake. Nikapanda ngazi uani na kisu chake cha mifupa, nikaipasua ncha katikati, nikakata nusu isiyo na manyoya, nyingine nikaiacha ili isionekane imenyofolewa. Mwiba mmoja kidole gumba, mmoja kiganja, mmoja mahali nisipoweza kupaandika hata humu.

Mashine ya kubania mimea iko kwa Lenzi na sitaki akishike kabla hakijawa tayari. Nimewaza. Kitu kizito kuliko vyote nyumbani kwetu ni kitanda, pamoja na tunaolala juu yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Nimekiweka kipande kati ya magazeti, chini ya godoro, upande wa mke wangu, kwa sababu yeye halali akigeukageuka.

Jumapili, 9 Machi

Anageukageuka.

Amesema maneno mengi asubuhi hii, na amesema baadhi yake kwa simu, kwa dada yake. Nimemwonyesha kwamba mwiba ulikuwa mmoja tu uliopenya. Hilo halikusaidia. Nimemweleza kuhusu spishi mpya, jina langu, heshima ya nyumba. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa nini heshima ya nyumba isikae upande wangu.

Sasa iko upande wangu. Nimelalia ubavu mmoja kama mgonjwa.

Jumatano, 12 Machi

Dungusi haikauki! Iko mbichi kama siku niliyoikata, na ina afya kuliko mimi. Imepondeka tu, imetandaa kama soli ya kiatu, na magazeti yamelowa hata habari za michezo hazisomeki. Lenzi akaitazama kwa huzuni. Akaeleza kwamba mmea huu umeumbwa kukataa kukauka. Ndiyo kazi yake duniani. Wenzetu huuua kwanza kwa spiriti. Alijaribu kuzihesabu mbavu kwenye kile kipande. Haikuwezekana. Akasema basi, atategemea mchoro.

Nikamwambia mchoro hautamwangusha.

Ijumaa, 14 Machi

Makala imekwisha. Kurasa mbili, nusu Kilatini. Itatoka kwenye jarida la bustani, ambalo hutumwa kwenye bustani na maktaba za mbali, hata ng'ambo. Lenzi alitaka kuipeleka kwa mpiga chapa mwenyewe. Nikamwambia nitapeleka mimi, nikadai ninajua aina za herufi. Ukweli ni kwamba nilimwogopa. Njiani angeweza kulifuta jina langu akaweka la mama yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaisoma kwenye benchi la mpiga chapa. Jina langu lipo! Limetiwa mkia wa Kilatini, limependeza kuliko nilivyodhani. Nikalisoma tena na tena. Nafasi ya mahali mmea ulipopatikana aliiacha wazi kwa ajili yangu. Nikajaza: uani, nyuma ya bucha.

Kisha nikaona kitu. Nyuma ya jina langu, jina la Lenzi. Limeganda pale kama kupe. Alikuwa ameniambia, ndiyo, lakini kuambiwa si kuona. Nikawaza kibao. Jina langu, halafu lake. Kila mgeni atakayesoma langu atasoma na lake. Atakuwa ananifuata mpaka kaburini, yeye na kamba yake ya kiatu. Nani aliyechomwa? Nani aliyelala ubavu mmoja? Nani aliyechora?

Nikachukua kalamu. Nikalifuta la Lenzi. Pakabaki pengo, na mimi siwezi kuacha pengo kwenye mstari. Nikaandika langu.

Najua alichosema juu ya bwana harusi na vigelegele. Lakini nani atajali? Watu husoma jina kubwa tu.

Jumatatu, 17 Machi

Lenzi ameuliza kama mpiga chapa ameleta karatasi za kusahihisha. Nikasema mashine imeharibika. Akauliza tena mchana. Nikasema mpiga chapa naye ameharibika. Akaniangalia kwa kile kioo, jicho kubwa kama yai.

Amesema hajalala vizuri. Angependa kuuona ule mmea mara moja tu kabla jarida halijatoka, hata kwa mbali, hata akifungwa kitambaa macho njiani. Nikamwambia asiwe mtoto. Nikampa machungwa mawili. Nilijisikia vibaya kidogo, nikajikumbusha juu ya kile kibao alichonirudishia mwaka juzi, nikajisikia vizuri.

Jumatatu, 24 Machi

Limetoka! Nimenunua nakala zote zilizokuwa mapokezi. Nimempa mlinzi moja, karani wa mishahara moja, na muuza magazeti wa nje nimempa akadhani nauza, akauliza bei. Nyingine nimempelekea mama mkwe. Hakuwa na miwani. Nikamsomea mimi. Akauliza kama dungusi inaliwa. Nikasema hapana. Akauliza sasa ni ya nini.

Lenzi ameisoma makala akiwa amesimama. Amefika mwisho wa mstari, akarudi mwanzo, akafika tena mwisho. Hakupiga kelele. Alikwenda kuketi kwenye kile chumba chake akafunga mlango, na alipotoka jioni macho yalikuwa mekundu. Nikajaribu kumwambia kwamba mpiga chapa alikosea. Akasema, "Mmea ulikuwa wangu pia, Brashi."

Nimekula kidogo usiku huu. Baadaye nimeifungua tena nakala yangu, nikalitazama jina, hamu ya kula ikarudi.

Jumatano, 26 Machi

Balaa!

Bi Mkuu amelisoma jarida. Amesema bustani haiwezi kuwa na spishi mpya katika mji wake mwenyewe bila kwenda kuiona. Saa nne asubuhi tulikuwa bucha: Bi Mkuu na mwavuli wake, Lenzi na kioo chake, na mimi nikiwa nimevaa koti la harusi yangu. Lenzi hakunisemesha njia nzima. Mwanyumba alidhani ni watu wa afya, akaanza kuosha sakafu.

Tukaingia uani. Nikaondoa aproni, nikasogea pembeni ili waione vizuri. Nilikuwa nimeandaa maneno machache. Lenzi akapiga magoti, akaanza kuzihesabu mbavu. Akahesabu. Akazunguka, akahesabu kinyumenyume. Akasema saba. Bi Mkuu akahesabu kwa ncha ya mwavuli. Saba. Wakanigeukia. Nikaeleza kuhusu gurudumu lililogongwa, na jinsi mchoro ulivyotulia baadaye. Nilieleza vizuri. Bi Mkuu alifumba macho.

Akasema, basi, tubaki na manyoya. Mbavu hubadilika, lakini manyoya ya upande mmoja si jambo dogo. Lenzi akanyoosha vidole viwili akayashika. Yakatoka. Yote. Yakabaki mkononi mwake, kama donge la ndani ya mto. Chini yake dungusi ilikuwa kijani kitupu.

Fundi magodoro akachungulia juu ya ukuta, fimbo mkononi, nywele nyeupe tupu. Akasalimia kwa adabu. Akasema, "Hiyo pamba ni yangu, jamani, huwa inarukia huko. Lakini kama mnaihitaji chukueni."

Hata mwanyumba aliacha kuosha sakafu.

Bi Mkuu akasema kwamba ya mbavu saba na isiyo na manyoya anaijua. Iko katika banda letu la vioo, mkono wa kushoto ukiingia, na ina kibao kizuri sana chenye mapambo. Nikakumbuka. Nilikiandika mwenyewe, na mwaka jana nikakipaka upya. Jina la daktari fulani. Nilihangaika sana na mkia wa herufi ya kwanza. Mmea wenyewe sikuutazama. Kazi yangu ni kibao.

Halafu likatokea la ajabu. Lenzi akaniendea. Nikakinga uso. Akanishika bega kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga. Akasema, "Ndugu yangu, umeniokoa. Lingekuwa jina langu pale."

Akanikumbatia mbele ya nyama.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeitwa ofisini kwa Bi Mkuu. Lenzi alikuwepo tayari, ameketi kwenye kile kiti chenye magurudumu. Ataandika sahihisho katika toleo lijalo: kurasa nne, jina lake chini. Bi Mkuu anasema litasomwa kuliko makala yoyote tuliyowahi kutoa. Yeye kapata kiti. Mimi nilisimama.

Bi Mkuu amenieleza polepole, kama anayezungumza na mgonjwa. Jarida limekwisha kwenda, halirudishwi. Kwa hiyo jina nililoupa mmea lipo, na litakuwepo. Litaingizwa vitabuni chini ya jina la kweli, kwa herufi ndogo, katika safu ya majina yasiyotakiwa kutumiwa. Na kwa kuwa limekwisha chapishwa, hakuna mtu anayeweza kulitumia tena kwa dungusi nyingine yoyote ya ukoo huo, hata siku moja, hata kama kesho ningegundua moja ya kweli. Nimelichoma. Na kila atakayelisoma ataona jina la mmea, na nyuma yake jina la mtangazaji, na ataona kwamba ni mtu mmoja.

Akasema wenzake wa bustani nyingine wameanza kumpigia simu. Mmoja alishindwa kuzungumza kwa kicheko, ikabidi akate.

Nilingoja kufukuzwa kazi. Nilikuwa nimekwisha panga la kumwambia mke wangu, na nilikuwa nimeanza kulia kidogo, si sana. Lakini Bi Mkuu hafukuzi. Adhabu yake ni hii: wanafunzi huja bustanini kila wiki, na anataka wajifunze namna kosa linavyozaliwa. Niandike kibao kipya kwa ajili ya ile dungusi ya banda la vioo. Juu, jina la kweli. Chini, jina langu lote kama lilivyochapishwa, na maneno kwamba lisitumike. Nikisimike mwenyewe, mbele kabisa, mahali ambapo hakuna anayeweza kupita bila kukiona.

Nikamuuliza ukubwa wa kibao. Akasema niamue mwenyewe, ana kazi nyingine.

Niamue mwenyewe!

Jumapili, 30 Machi

Nimekaa na kibao siku mbili na leo nimekisimika. Jina la daktari nimeliweka juu, kijivu hafifu, nyembamba, adabu tu. Chini yake mimi. Nyekundu, kivuli cheusi, mstari wa dhahabu kuzunguka. Bi Mkuu hakutaja rangi.

Nimewaleta wote mchana, siku ya kuingia bure. Mke wangu, dada yake, mwanyumba, mama mkwe na miwani yake. Nikawasimamisha mbele ya kibao nikakaa kimya, kwa sababu mtu hajisifu. Mwanyumba akakisoma kwa sauti, akijikwaa kwenye Kilatini. Alipofika kwenye jina langu akatua. Akalisoma, akakuta jingine nyuma yake, akalisoma na hilo. Akaniuliza kama lote hili ni mimi. Nikamwambia, mara mbili. Akatazama chini. Jina lake buchani limeandikwa mara moja.

Mama mkwe akauliza huyo wa kijivu ni nani. Nikasema, "Ah, huyo ni daktari mmoja tu."

Mke wangu ndiye aliyesogea karibu. Yeye husoma mpaka chini, ndivyo alivyo, hata karatasi za dawa. Akasoma mstari wa mwisho, akausoma tena, akanivuta pembeni kwa mkono wa koti. Alikuwa na uso wa huruma ambao sikuuelewa.

"Baba watoto," akasema, "wameandika kwamba hili jina mtu asilitumie."

"Ndiyo," nikamwambia. "Hakuna mwingine anayeruhusiwa."

Halafu akanifuta rangi iliyokuwa shavuni, akarudi kwa mama yake.

Nimebaki pale mpaka mlinzi alipokuja kufunga. Limependeza. Ila kuna jambo limenijia nikiwa nakusanya makopo. Bi Mkuu alisema limechomwa katika ukoo huo mmoja tu wa dungusi. Koo nyingine zote ziko wazi! Kuna magugu, kuna ukungu, kuna kitu cha kijani kwenye bomba nyuma ya jiko letu ambacho sina hakika kama mtu amewahi kukiangalia. Kesho alfajiri naanza na hicho. Lenzi safari hii simshirikishi hata kidogo. Makala nitaandika mimi, Kilatini nitakipata humo humo kwenye vibao, na jina nitalipa mwenyewe tangu mwanzo, maana nimeona kwamba hilo ndilo linalopunguza usumbufu.